Ile Kura Moja ya Siyu

Siyu, Alhamisi, 19 Ramadhani (21 Aprili 2022)

Kwa mpwa wangu Nusra,

Assalaam alaykum. Mimi mjomba wako ni mzima, na lau ungekuwapo hapa jana ungeniona mzima kuliko watu wote wa kisiwa hiki. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu nimeiacha kwa mambo ya maana. Ile sauti niliyokutumia mwaka jana, nikimsema mwenye boti, ilifika Mombasa, ikazunguka huko, ikarudi kwa mwenye boti mwenyewe kabla sijamaliza chai yangu. Barua haina mdomo.

Sasa keti. Jana tulikuwa na mchujo wa chama chetu cha Kasa, kumteua atakayesimama uwakilishi wa wadi mwezi wa nane. Walikuwa wawili: Bwana Zaki, ambaye ni wangu, na Sadiq, yule mhudumu wa zahanati, ambaye si wa mtu. Chama kikasema hakina masanduku ya kutosha visiwa vyote, basi kura ipigwe kwa mlolongo. Kila mgombea asimame uwanjani, watu wake wajipange nyuma yake, wahesabiwe vichwa. Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu njiani kama mwehu. Kura ya kweli ndiyo hiyo. Mtu anasimama, mgongo wake unauona, habari imekwisha.

Nilikaa mlangoni pa skuli na daftari langu. Kila aliyepita nilimwandika jina na mlolongo aliouingia. Wallahi Nusra, mlolongo wa Zaki ulianza kwenye mlingoti wa bendera, ukapita jikoni kwa skuli, ukashika ndia ya ngomeni, na mkia wake mimi sikuuona; labda ulikuwa Pate. Msimamizi alikuwa kijana wa bara aitwaye Jabez. Alihesabu mara ya kwanza akapotea. Mara ya pili akakaa chini. Nikamwambia, "Bwana Jabez, hesabu miguu, kisha ugawe kwa mbili." Watu mia mbili arubaini na mmoja! Sadiq alipata tisa, na katika hao tisa watatu walisimama pale kwa sababu palikuwa na kivuli. Saumu ile na jua lile, siwalaumu.

Na ni nani aliyekuwa mbele kabisa upande wa wanawake? Mkaza mjomba wako, Bi Radhiya. Nilimweka mimi mwenyewe. Alisimama kimya kama nguzo ya msikiti.

Baada ya futari Zaki alisema mbele za watu, "Siyu ni ya Mselem." Ameniahidi kwamba akishinda mimi ndiye mkuu wa ofisi yake ya wadi. Kuna meza, kuna muhuri, na kuna kiti kinachozunguka. Mimi niliyefika darasa la tano, na la sita nikaliona dirishani. Leo nashona makubadhi, kesho nazunguka!

Mjomba wako,
Mselem bin Shuaib,
Fundi Mkuu wa Ngozi na Mwenye Sanduku la Siyu

Hiyo sahihi itazame vizuri. Mkia wa ile M nimeuvuta mpaka ukingoni mwa karatasi bila kuinua kalamu. Hakuna mwingine awezaye visiwa vyote hivi.


Lamu mjini, 5 Mei 2022

Mjomba wangu mpenzi,

Wa alaykum salaam, na Idd njema. Nakubusu mkono. Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikaingiwa na wasiwasi.

Nimepata kazi ya muda: nitakuwa karani kwenye kituo cha kujumlisha kura hapa mjini, na tumeshaanza kufundishwa. Nataka nikwambie kitu, na usikasirike. Agosti hakuna mlolongo. Kila mtu atapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi. Ataingia nazo peke yake nyuma ya kibanda cha kadibodi. Huko ndani hakuna mume, hakuna jirani, hakuna mtu mwenye daftari. Wale mia mbili arubaini na mmoja walisimama ukiwatazama, Mjomba. Mtu akitazamwa husimama pale anapotakiwa asimame.

Tena nasikia Sadiq atasimama mwezi wa nane kama mgombea huru, kwa alama ya ndoo.

Wazee wakikuuliza namna ya kupiga, waambie ni alama moja tu ndani ya kisanduku cha mgombea. Wasiandike neno, jina wala dua. Karatasi yenye maandishi ya kumtambulisha mpiga kura hukataliwa.

Na lile daftari lichome. Nisalimie Bi Radhiya sana.

Wako mtiifu,
Nusra


Siyu, Jumamosi, 6 Agosti 2022

Kwa mpwa wangu Nusra,

Salaam. Maneno yako ya kibanda cha kadibodi niliyasoma. Kufundishwa kuandika mimi, na mtoto niliyembeba mgongoni! Lakini nimekusamehe. Nimeteuliwa wakala wa Zaki, nitakaa ndani ya chumba chenyewe, kura zikihesabiwa mimi nazitazama. Zaki amesema, "Mselem, nitajua waliokuwa nami." Nami nimejipanga nijulikane.

Nikupe habari ya jana. Tulikuwa tumekaa barazani baada ya alasiri, watu kama ishirini. Akaja Shuaib, yule mwenye duka, jina moja na marehemu baba yangu lakini akili mbalimbali. Ameshatundika ndoo ya Sadiq mlangoni kwake. Akaanza, "Mselem, hiyo Siyu yako uliyoishika, imekwambia yenyewe kwamba umeishika?"

Nikamwambia, "Daftari ninalo."

"Daftari la Ramadhani! Watu walikuwa na njaa, walisimama popote. Wewe hata nyumba yako hujui itampigia nani."

Watu wakacheka. Nusra, mimi nikitukanwa ngozi yangu navumilia. Nyumba yangu, la. Nikasimama. Nikasema, "Nyumba yangu? Sikilizeni nyote. Radhiya asipompigia Zaki kura yake, basi ana talaka yake!"

Hata mbuzi wa Shuaib aliacha kutafuna. Sheikh Abubakr, imamu wetu, alikuwa anapita. Akasimama akanitazama, akasema, "Inna lillahi," akaenda zake.

Najua unavyofikiri. Unafikiri zile mbili za zamani. Ya kwanza ilikuwa mwaka ule wa chai ya chumvi, nikamrejea siku ya tatu. Ya pili ilikuwa ugomvi wa kaka yake Yunusi, nikamrejea kabla eda haijafika nusu. Ni kweli, hii itakuwa ya tatu, na ya tatu haina kurudi mpaka aolewe kwingine na aachwe. Lakini kwani kuna hatari gani? Mlolongoni alisimama wa kwanza, kwa miguu yake, nikimwona! Hiki kiapo ni kama kuapa kesho jua litatoka mashariki.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa. Akasema neno moja tu, "Vizuri." Akaendelea kukuna. Kwa hiyo unaona, hata yeye hana neno.

Mjomba wako,
Mselem bin Shuaib,
Wakala Mkuu, Kituo cha Siyu


Lamu mjini, 7 Agosti 2022

Mjomba!

Barua hii naituma na boti ya kwanza. Ya tatu! Kwa ajili ya Zaki! Kwa ajili ya kiti kinachozunguka!

Umeitundika miaka ishirini na mitatu ya ndoa yako na mkaza mjomba kwenye karatasi ambayo hakuna mtu duniani anayeruhusiwa kuiona. Akipiga hivi au vile, utajuaje? Na usipojua, utaishi naye vipi? Nenda kwa Sheikh Abubakr leo hii. Mwulize kama kiapo kina njia ya kutoka.

Na kwa haki ya mama yangu, dada yako, nakuomba: usimwulize Bi Radhiya alimpigia nani. Si kabla, si baada. Sheria inamlinda. Angalau usiwe wewe mtu ambaye itabidi sheria imkinge naye.

Nusra


Siyu, Alhamisi, 11 Agosti 2022

Nusra,

Sijui nianzie wapi.

Kupiga kura kwenyewe kulikuwa kuzuri. Watu walikuja wamejifukiza udi. Bi Radhiya aliingia saa tatu asubuhi na buibui lake jipya, akapewa karatasi zake sita, akaenda kibandani, akatoka, akazitia kila moja kwenye sanduku lake, akatoka nje. Hakunitazama. Mimi nilipiga yangu mapema kabisa, nikakaa kwenye kiti cha wakala nikiwa na moyo mweupe.

Msimamizi wa kituo alikuwa Mwalimu Kipchumba, yule wa hesabu. Mtu wa haki, lakini ana mkono mzito; kila karatasi anainyoosha, anaitaja, anatuonyesha mawakala wote. Walianza na rais, wakaja gavana, wakaja wengine. Wadi ikawa ya mwisho, adhana ya alfajiri imeshalia. Nikajiweka sawa. Nikashika kalamu.

"Ndoo," akasema. Sawa, moja si kitu.

"Ndoo."

"Ndoo."

"Ndoo."

Nusra, nilidhani amesahau maneno mengine. Nilidhani ni usingizi. Nikamwambia, "Mwalimu, hebu tazama vizuri." Akaniletea ile karatasi mpaka puani. Ndoo! Ikaja Kasa moja. Moja! Nikaruka kitini. Nikangoja mwenziwe. Ndoo, ndoo, ndoo, mpaka chini ya sanduku pakaonekana, plastiki tupu. Kuna karatasi moja iliwekwa kando, iliharibika, si kitu, nafikiri ni ya Bi Hayat, yule mzee, macho yake hayaoni.

Sadiq mia tatu na kumi na nane. Zaki moja.

Mia mbili arubaini na mmoja wale wamekwenda wapi? Wamemezwa na nti? Niliwaandika kwa mkono wangu!

Kulipopambazuka fomu ilibandikwa mlangoni. Watu wakaisoma, kisha kila mmoja akageuka kunitazama mimi. Sikuelewa. Ni Shuaib aliyesema, tena bila kucheka, "Zaki ana moja. Wewe ni wakala wake. Ile moja ni yako." Akaitazama tena fomu. "Basi Radhiya..."

Hakumaliza. Haikuhitaji kumalizwa. Hesabu yenyewe hata aliyefika darasa la tano anaijua. Moja ni ya Mselem, basi ya Radhiya haimo. Ameachika, ya tatu, mbele ya Siyu nzima, kwa fomu ya serikali.

Nilirudi nyumbani nikamkuta amefunga sanduku lake la nguo. Nikasema, "Radhiya." Akanitazama, Nusra, hajapata kunitazama vile. Kama mtu anayengoja kuambiwa kitu. Alingoja muda mrefu. Mimi nikatazama chini. Akajitwika sanduku, akasema, "Kura ni siri, Bwana Mselem. Lakini matokeo yamebandikwa mlangoni." Amekwenda Mkokoni, kwa kaka yake Yunusi.

Nyumba ina mwangwi. Sikujua kama ina mwangwi.

Mselem bin Shuaib


Mkokoni, 16 Agosti 2022

Mwanangu Nusra,

Salaam nyingi. Naandika polepole, unisamehe herufi zangu. Hii barua ukishaisoma ichane.

Watu wanasema nimeachwa kwa sababu sikumtii mume wangu. Kaka yangu Yunusi hasemi kitu, lakini ameshaniwekea kitanda cha kudumu. Kuna kitu kinanichoma nami sina wa kumwambia ila wewe.

Ile moja ni yangu.

Ndiyo, mwanangu. Mimi ndiye niliyempigia Zaki. Na Mungu anajua sikumtaka. Zaki hajalala Siyu usiku mmoja tangu aoe Malindi. Siku mke wa jirani alipoanza uchungu na mtoto amekaa vibaya, Sadiq ndiye aliyembeba kwa mikono yake mpaka botini na kukaa naye mpaka hospitalini. Wote wawili wako hai. Siku ile ya mlolongo mimi nilisimama kwa Zaki kwa sababu mjomba wako alinishika mkono akanisimamisha, na kalamu yake ilikuwa wazi. Wanawake wenzangu walinitazama, wakasimama nyuma yangu. Niliona haya mpaka Idd.

Basi tangu Idd, kila tukikaa uani kusuka ukili, nilikuwa nazungumza. Nilisema mlolongo umekwisha, Agosti kila mtu yuko na Mola wake. Nyumba hii ikaenda ile, wake wakazungumza na waume, waume wakajidai wameamua wenyewe. Ile mia tatu na kumi na nane, mwanangu, tuliisuka sisi.

Kisha siku nne kabla ya kura, mjomba wako akaapa barazani. Nilikuwa na nazi mkononi. Nikajua kwamba Siyu nzima itampigia Sadiq isipokuwa mimi. Nikasema, vizuri. Nilipoingia kibandani nilikitazama kile kisanduku cha ndoo mpaka macho yakaniuma, nikatia alama kwenye kasa. Kwa sababu yake. Miaka ishirini na mitatu sikuweza kuitupa.

Sasa hesabu mwenyewe. Iko kura moja tu, nami najua ni yangu. Ya kwake iko wapi? Alimpigia Sadiq! Aliniweka rehani kwa mtu ambaye yeye mwenyewe hakumpigia, kisha akakaa pale, akaacha watu waseme ile moja ni yake na mimi ndiye mkosa. Nilimngoja aseme. Nilisimama na sanduku kichwani nikamngoja. Alitazama chini.

Usimwambie. Kura yangu ni siri yangu, na sitaki kurudishwa na karatasi. Nataka kujua kama ana ulimi wa kweli.

Mama yako,
Radhiya


Lamu mjini, 19 Agosti 2022

Mjomba,

Nakuuliza swali moja, nawe unijibu kwa jina la Mwenyezi Mungu.

Fomu ya Siyu ilipita mikononi mwangu. Ni ileile iliyobandikwa mlangoni kwenu, si siri. Inasema: Sadiq 318, Zaki 1, zilizokataliwa 1. Wewe umenieleza ndoo zote moja moja, lakini ile iliyokataliwa umeiruka kwa nusu sentensi na kumtwisha Bi Hayat. Mimi Bi Hayat namjua. Anatunga uzi sindanoni mara moja.

Ile karatasi ilikuwa na nini, Mjomba? Nani aliiandika?

Siku zote wewe hunieleza mambo yasiyokuwapo, na mimi huyapenda. Samaki aliyevuta boti mpaka Kiwayu, jini aliyekuja kupimwa makubadhi. Leo nakuomba unieleze jambo moja lililokuwapo. Kuna mtu anakaa Mkokoni ambaye maisha yake yamesimama hapo.

Nusra


Siyu, Jumamosi, 27 Agosti 2022

Mpwa wangu,

Barua yako ilikaa chini ya mto wangu siku tano. Nikilala inaniambia, nikiamka inaniambia. Basi sikiliza.

Asubuhi ile nilipoingia kibandani, nilitia alama yangu kwa Zaki, safi, ndani ya kisanduku. Kisha nikaitazama. Nikaona ni alama kama ya mtu yeyote. Zaki alisema atajua waliokuwa naye. Atajuaje kwamba hii ni yangu? Mia tatu watatia alama hiyohiyo! Nusra, kalamu ilikuwa mkononi. Nikaandika chini yake, Mselem bin Shuaib. Na mkia wa M nikauvuta mpaka ukingoni.

Ulinionya mwezi wa tano. Najua. Nilidhani onyo lile ni la wazee.

Alfajiri Mwalimu Kipchumba aliishika ile karatasi, akaisoma peke yake. Akasema, "Hii ina jina la mtu. Jina silitaji, ni siri yake. Lakini kura haihesabiwi." Akaziba jina kwa kidole gumba, akatuonyesha. Wakala wa Sadiq hata hakutazama, ana mia tatu tayari. Mimi niliuona ule mkia ukichungulia pembeni mwa kidole. Nilihisi kama nimevuliwa nguo. Mwalimu akanitazama mara moja tu, akaiweka kando.

Waliposema ile moja ni yangu, ningeweza kusema hapana. Ningesema tu, yangu ni ile iliyotupwa. Lakini niliona vile watakavyocheka. Mwenye Sanduku la Siyu hajui kupiga kura! Nikanyamaza kidogo nipate kufikiri. Na ule ukimya, Nusra, ukishaukalia saa moja haukuachii kuondoka.

Juzi nilikwenda kwa Sheikh Abubakr nikamweleza yote. Akasema, "Ndoa yenu tuna yakini nayo. Talaka yako imekuwa na shaka, maana ile kura moja sasa haijulikani ni ya nani. Yakini hatuivunji kwa shaka. Lakini aliyevunjiwa heshima hadharani, heshima hurudishiwa hadharani."

Jana, baada ya sala ya Ijumaa, nilisimama nje ya msikiti. Watu wote. Nikasema, "Ndugu zangu, ile kura ya Zaki si yangu." Wakasogea karibu. "Yangu ndiyo ile iliyokataliwa. Niliitia sahihi."

Shuaib akauliza, "Uliitia nini?"

"Sahihi. Jina langu. Ili Zaki anijue."

Ewe Nusra! Nilichekwa kicheko ambacho sidhani kama kimepata kuchekwa tangu ngome ile ijengwe. Shuaib alishika ukuta. Mtu mmoja alivua kofia akajipepea. Bi Hayat alikuwa anapita ndiani na mkongojo wake. Aliposikia nilimsingizia yeye, alikuja akanichapa nao muundini. "Mimi nilipiga sita na zote sita ziliingia! Mjinga we!" Nikamwomba radhi, akanichapa tena.

Kisha, katikati ya kicheko, Shuaib akaacha kucheka. Ghafla tu. Akasema polepole, "Ngoja. Kama ile moja si ya Mselem... ni ya nani?"

Kila mtu alikuwa amepiga ndoo, na kila mtu anajua jirani yake alipiga ndoo. Nikawaona wanahesabu mmoja mmoja, nyuso zinabadilika. Kicheko kilikatika kama uzi. Shuaib, yule Shuaib, aliinamisha kichwa akasema, "Tumemdhulumu yule mama."

Na mimi ndipo nilipojua, Nusra. Pale, mbele yao, sekunde ileile waliyojua wao. Nilikuwa nimemwona muda wote kama mtu aliyeniasi. Nikakaa chini mchangani na kanzu yangu ya Ijumaa.

Mselem


Mkokoni, 30 Agosti 2022

Bwana Mselem,

Habari ya Ijumaa imefika huku kabla ya boti. Yunusi amecheka siku mbili.

Mimi nilidhani ulimpigia Sadiq ukaniuza. Kumbe ni ujinga tu. Ujinga naweza kuishi nao, nimeishi nao miaka ishirini na mitatu. Kimya chako ndicho kilichonitoa.

Njoo mwenyewe, usitume mtu. Utasimama mlangoni kwa kaka yangu, useme mbele yake kwamba neno talaka hulipeleki tena barazani maisha yako. Kisha utapewa chai.

Narudi kwa kujua ninalolijua, na hilo ni baina yangu na Mola wangu. Usiniulize.

Radhiya


Siyu, 4 Septemba 2022

Kwa mpwa wangu Nusra,

Salaam. Nimekwenda Mkokoni nimerudi. Safari ile ukiisikia kwa wengine wataipunguza, kwa hiyo chukua hii yangu: mawimbi yalikuwa marefu kama minara, nahodha alilia, mimi nilishika usukani kwa meno. Bi Radhiya anasoma begani kwangu anasema bahari ilikuwa kama sahani. Basi andika sahani.

Nilisema niliyotakiwa kusema, mbele ya Yunusi. Ilikuwa mara ya kwanza nasema neno mbele za watu bila kuliongeza. Yunusi akasema, "Ni hayo tu?" Nikasema ni hayo tu. Akashangaa kuliko alivyoshangaa Ijumaa. Chai nikapewa. Ilikuwa na chumvi. Nikainywa yote.

Zaki hajapiga simu tangu siku ile. Sadiq ameshinda wadi nzima, naye amemwita Bi Radhiya kwenye kamati ya chumba cha uzazi cha zahanati. Atakuwa na meza. Kiti chake, nimeambiwa, hakizunguki.

Daftari langu la mlolongo leo asubuhi Bi Radhiya alilitia jikoni kuwashia moto. Nilisimama nikatazama. Majina mia mbili arubaini na mmoja, la kwanza la upande wa wanawake ni lake, nimeliandika mimi kwa mkono wangu nikaona nimemjua. Limeshika moto kama karatasi nyingine yoyote.

Sijamuuliza. Sitamuuliza. Jana tulikuwa tumekaa, yeye anasuka, mimi nashona, akaniona namtazama. Akasema, "Nini?" Nikasema, "Hakuna." Akasema, "Vizuri." Safari hii alicheka.

Mwaka elfu mbili na ishirini na saba Mungu akituweka tutapiga tena. Nitatia alama moja ndani ya kisanduku, nitoke. Nimeanza mazoezi na barua hii. Jina silitii. Mwandiko waujua.